Vitu Kwanza, Hadithi Baadaye: The Dark Crystal na Wapenzi Wake

Tarehe 17 Desemba 1982 majumba ya sinema ya Marekani yalianza kuonyesha filamu isiyokuwa na sura ya binadamu hata moja. Kila kiumbe anayeonekana katika The Dark Crystal, kuanzia mashujaa wawili wadogo wa jamii ya Gelfling mpaka madhalimu wenye midomo ya tai waitwao Skeksis, ni kikaragosi, au ni vazi lililommeza mtu mzima asionekane. Waongozaji walikuwa Jim Henson na Frank Oz, ambao dunia iliwajua kwa Kermit na Miss Piggy wa The Muppet Show. Huku kwetu, watoto wa Tanzania waliokua na Kilimani Sesame walionja tawi jingine la kazi hiyohiyo ya Henson, lile la Sesame Street. Waliokwenda sinema mwaka ule wakitarajia vichekesho walikuta mfalme anayekata roho huku uso wake ukimomonyoka kuwa vumbi, na watumwa wanaonyonywa uhai mpaka macho yao yanapoteza nuru. Wahakiki wengi hawakupendezwa. Vincent Canby wa The New York Times alikuwa mmoja wa waliosema wazi kwamba haikumgusa. Hata hivyo, zaidi ya miaka 40 baadaye, filamu hiyo ina wapenzi wanaokusanya mabango yake, vitabu vyake, kanda zake za zamani na sanamu za wahusika wake, wanaoshona mavazi yake kwa mikono yao, na wanaojua majina ya viumbe ambao kwenye filamu yenyewe hawatajwi kabisa. Nadai kwamba wapenzi hao wameielewa filamu hii vizuri kuliko wahakiki wake wa kwanza, na kwamba mapenzi yao ya vitu ndiyo njia sahihi ya kuisoma, kwa sababu yenyewe ilianzia kwenye vitu. Hadithi ilifuata baadaye.

Historia ya kutengenezwa kwake inathibitisha hilo hatua kwa hatua. Wazo halikuanza na kisa. Lilianza na picha. Katikati ya miaka ya 1970 Henson aliona toleo la mashairi ya Lewis Carroll lililochorwa na Leonard Lubin, na humo kulikuwa na mchoro wa mamba wanaoishi katika jumba la kifahari, wamevaa majoho na vito. Mnyama wa kutambaa mwenye ngozi ngumu, amekaa katikati ya anasa: hapo ndipo Skeksis walipozaliwa, kabla hawajawa na adui, kabla hawajawa na dhambi wala jina. Wakati huohuo Henson alikuwa akijaribu vikaragosi vya watu wazima katika msimu wa kwanza wa Saturday Night Live, 1975 hadi 1976, katika sehemu iliyoitwa The Land of Gorch. Haikupokewa vizuri, lakini ilimthibitishia kwamba kikaragosi kinaweza kuwa na ngozi yenye mikunjo, macho ya kioo na tabia mbaya. Kisha akakutana na kazi za Brian Froud, mchoraji Mwingereza aliyeishi karibu na nyika ya Dartmoor na aliyechora viumbe vya ajabu kana kwamba vimeota kwenye mizizi ya miti na mawe ya huko. Henson hakumwomba Froud amchoree hadithi, maana hadithi haikuwepo. Alimwomba ambunie ulimwengu.

Kisa chenyewe kilikuja Februari 1978, na kilikuja kwa bahati. Dhoruba ya theluji ilifunga uwanja wa ndege wa Kennedy mjini New York, na Henson akakwama hotelini pamoja na binti yake Cheryl. Ndani ya siku hizo za kungoja akaandika muhtasari wa kurasa kama 25 alioupa jina la The Crystal. Yaliyomo ni mepesi kuyasimulia. Jiwe kubwa la fuwele lilipasuka miaka elfu iliyopita, na katika kupasuka kwake zikatokea jamii mbili: Skeksis wakatili na wazee wapole waitwao urRu. Kijana Jen, aliyelelewa na wapole hao, anatumwa kutafuta kipande kilichopotea na kukirudisha mahali pake kabla jua tatu hazijakutana. Njiani anampata Kira, Gelfling mwenzake. Mtu aliyewahi kusikia hekaya tatu za shujaa yatima anaweza kukisia mwisho. David Odell, aliyekuwa ameandikia The Muppet Show, ndiye aliyeugeuza muhtasari huo kuwa mswada kamili wa filamu. Lakini kufikia wakati huo Froud na mafundi walikuwa wamekwisha kuchora, kuchonga na kushona kwa muda mrefu. Mwandishi alikuta wahusika wamesimama, wana nyuso, wana nguo, wanangoja kupewa la kusema.

Inafaa kukaa kidogo kwenye karakana hiyo. Mwaka 1979 Henson alifungua karakana ya viumbe huko Hampstead, London, na ndiyo iliyokuja kuwa Jim Henson's Creature Shop, karakana ambayo baadaye ilitengenezea filamu nyingi viumbe. Miongoni mwa mafundi alikuwemo Wendy Midener, mtengeneza wanasesere kutoka Detroit, ambaye pia alishiriki kumtengeneza Yoda wa The Empire Strikes Back ya 1980, kikaragosi kilichochezeshwa na Frank Oz. Midener ndiye aliyewapa Gelfling sura zao. Aliolewa na Froud mwaka huohuo wa 1980. Upigaji picha ulianza Aprili 1981 katika studio za Elstree, nje kidogo ya London, na mtayarishaji alikuwa Gary Kurtz, aliyetoka kwenye Star Wars. Sakafu za seti ziliinuliwa na kukatwa vipande vinavyoondoleka, ili wachezeshaji wapate kupita chini yake. Jen, mwenye kimo cha mtoto mdogo, aliweza kuhitaji watu wanne kwa mara moja: mmoja wa kichwa na mkono, wengine wa mkono wa pili na wa nyaya zilizosogeza macho na nyusi. Henson mwenyewe ndiye aliyemchezesha. Mavazi ya Garthim, askari wanaofanana na kaa wakubwa, yalikuwa na uzito wa kilo zipatazo 30, na waliovaa walilazimika kutundikwa kwenye fremu kila baada ya dakika chache wapate kupumua. Landstrider, wanyama wenye miguu mirefu myembamba, walikuwa ni watu waliosimama juu ya magongo manne, mawili ya miguu na mawili ya mikono, wakitembea kwa viungo vyote. Jean-Pierre Amiel, msanii wa maigizo ya kimya kutoka Uswisi, ndiye aliyewafundisha wachezeshaji mwendo wa kila jamii, na kwa sababu hiyo urRu hutembea kwa uzito ambao mtazamaji huuhisi mgongoni mwake.

Ili kuona maana ya haya yote, tazama kwa makini sehemu moja tu. Mfalme wa Skeksis amekufa na wawili wanagombea kiti: Mkuu wa Garthim na yule mwenye sauti ya kubembeleza, Chamberlain. Shauri linaamuliwa kwa panga na jiwe; kila mmoja analipiga jiwe kwa zamu mpaka mmoja analivunja. Chamberlain anashindwa. Adhabu yake ni kuvuliwa nguo. Wenzake wanamrukia na kuyararua majoho yake, tabaka baada ya tabaka, mahameli, lesi, mapambo ya mfupa na chuma, na kila tabaka likitoka umbo lile kubwa linazidi kupungua, hadi kinabaki kiwiliwili chembamba, chenye ngozi iliyolegea, kinachotetemeka. Hakuna anayetoa hotuba kuhusu mamlaka. Vazi limesema kwamba utawala wote ule ulikuwa ni kitambaa juu ya mifupa. Maana ya filamu imeshonwa kwenye nguo, na anayeikusanya picha ya joho lile, au kutumia miezi akilishona upya, anashughulika na kiini cha kazi.

Henson aliliamini jambo hili kiasi kwamba alitaka kwenda mbali zaidi. Katika toleo la kwanza Skeksis hawakuzungumza Kiingereza. Walikuwa na lugha yao ya kubuniwa, bila tafsiri chini ya picha, na mtazamaji alitakiwa kuelewa kwa miondoko, sauti na sura. Machi 1982 filamu ilionyeshwa kwa majaribio mjini Washington, na watazamaji wakatoka wamechanganyikiwa. Ikabidi maneno ya Kiingereza yaandikwe upya na kutiwa sauti, yakipimwa yaendane na midomo ambayo tayari ilikuwa imefunguliwa na kufungwa kwa lugha nyingine. Waigizaji wa sauti kama Barry Dennen, aliyempa Chamberlain ule mlio wake wa kujikunyata, na Billie Whitelaw, sauti ya mama mnajimu Aughra, waliifanya kazi hiyo kwa ustadi, na sioni haja ya kuwalaumu waliofanya uamuzi. Fedha zilikuwa za watu na filamu ilihitaji kueleweka. Lakini jaribio lile linaonyesha Henson aliweka matumaini yake wapi: aliona kwamba vitu vyake vinajitosheleza.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi la kwanza, nalo ni la wahakiki. Wanasema kukiri kwamba hadithi ni nyepesi ni kukiri kwamba filamu ni dhaifu. Kwamba Jen ni shujaa asiye na rangi, uso wake hausogei vya kutosha, na kwamba ulimwengu mzuri bila mtu wa kumpenda ni dirisha la duka. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Jen kweli ni mnyonge kama mhusika, na teknolojia ya 1981 haikuwezesha uso wa kikaragosi laini kubeba huzuni kwa muda mrefu. Nyuso za Skeksis, zilizojaa makunyanzi na meno, zilisamehe kasoro ambazo uso safi wa Gelfling haukuweza kuzificha. Lakini hoja hiyo inapima filamu kwa kipimo kimoja tu. Wapo watazamaji wanaoingia kwenye msikiti wa kale au kwenye jumba la makumbusho, wasimkute mhusika wala kisa, wakatoka wamebadilika. The Dark Crystal inadai utazamaji wa namna hiyo. Chumba cha Aughra, chenye mtambo mkubwa wa shaba wa sayari zinazozunguka na kukatizana, kinamtaka mtu ainame kila duara linapopita. Kuta zimechorwa alama za miduara na pembetatu ambazo Froud alizipanga kwa mantiki yake, zikirudiwa kwenye vito, kwenye milango, kwenye umbo la jiwe lenyewe. Aliyeitazama mara moja akifuata kisa hakuziona. Aliyeitazama mara kumi ndiye aliyeanza kuzisoma.

Na hili la kutazama mara kumi liliwezekana kwa sababu ya vitu vingine, vya kawaida zaidi. Filamu ilipotoka ilifuatana na kitabu cha Froud, The World of the Dark Crystal, cha 1982, ambacho hakisimulii kisa cha filamu hata kidogo. Kimeandikwa kana kwamba ni maelezo ya mtaalamu kuhusu ulimwengu halisi: historia yake, mimea yake, alama zake, nasaba za viumbe wake. Kikatoka na kitabu cha hadithi cha A. C. H. Smith, kitabu cha katuni cha Marvel, mchezo wa ubaoni wa Milton Bradley, sahani ya santuri ya muziki wa Trevor Jones uliopigwa na London Symphony Orchestra, na mwaka 1983 mchezo wa kompyuta wa Roberta Williams kwa Apple II. Ndipo zikaja kanda za video. Mtoto wa miaka ya 1980 aliyekuwa na kanda moja aliitazama mpaka utepe ukaanza kukwaruza, na kati ya mara moja na nyingine alikuwa na kitabu cha Froud mkononi, akifunua majina ambayo filamu haikuyatamka. Huko ndiko mapenzi haya yalikotoka.

Kuna hadithi maarufu kwamba filamu ilianguka vibaya na wapenzi wakaifufua kutoka kaburini. Hadithi hiyo inapendeza, lakini siikubali. Bajeti yake hutajwa kuwa karibu dola milioni 25, na mapato ya Marekani na Canada yalipita dola milioni 40. Majumba ya sinema huchukua sehemu yao katika fedha hizo, kwa hiyo haikuwa mafanikio makubwa, wala haikuwa maangamizi. Mwaka 1983 ilipata tuzo kuu ya tamasha la filamu za ajabu la Avoriaz, Ufaransa, na Saturn kama filamu bora ya njozi. Tatizo lake la fedha lilikuwa la aina nyingine. Mfadhili wake alikuwa kampuni ya ITC ya Lord Lew Grade, yuleyule aliyemwezesha Henson kuirekodi The Muppet Show nchini Uingereza; mwaka 1982 kampuni hiyo ikaangukia mikononi mwa tajiri wa Australia, Robert Holmes à Court, ambaye hakuwa na imani na kazi hiyo. Henson akatoa fedha zake mwenyewe kuinunua. Mtu aliyekwisha kuitengeneza filamu kwa miaka mitano akailipia tena ili isimponyoke. Ukisikia leo mtu akisema kwamba anayelipa fedha nyingi kwa bango au kikaragosi cha zamani amepotoka, kumbuka kwamba mnunuzi wa kwanza wa The Dark Crystal alikuwa muumbaji wake. Filamu iliyofuata, Labyrinth ya 1986, ndiyo iliyoumiza kweli: iligharimu takriban dola milioni 25 na Marekani ikaleta chini ya milioni 13. Nayo pia leo ina wapenzi wasiohesabika. Henson hakuyaona hayo. Alifariki tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53.

Labyrinth inatupa kisa kinachogusa kiini cha suala la kumbukumbu. Mmoja wa wahusika wake ni Hoggle, kibeti mwenye uso uliojaa mikunjo, kikaragosi kilichokuwa miongoni mwa vyenye mitambo mingi zaidi ya uso kwa wakati wake. Kikaragosi kimoja halisi cha Hoggle kilipotea safarini kwa ndege, na mizigo isiyodaiwa ya mashirika ya ndege ya Marekani ina mahali pake: duka kubwa la Unclaimed Baggage katika mji wa Scottsboro, jimbo la Alabama. Hoggle alifika huko kama sanduku lolote lililokosa mwenyewe. Alikuwa ameharibika vibaya. Ngozi ya vikaragosi vya namna hii ni sponji ya mpira, na sponji hiyo hufa yenyewe. Hewa, mwanga na joto huikausha, ikawa ngumu, ikapasuka, ikamomonyoka kuwa makombo. Anayekumbuka vikaragosi vya XYZ Show ya Nairobi, vilivyoanza kuonekana mwaka 2009, anaujua mpira ule na namna unavyobeba mkunjo wa shavu. Ajue basi kwamba haudumu. Fundi alipewa kazi ya kumrekebisha Hoggle, na baada ya matengenezo akawekwa kwenye makumbusho madogo ya duka lilelile, ambako wapenzi wa filamu wamekuwa wakienda kumwona.

Kisa hicho kina majibu kwa wanaouliza kwa nini watu wazima wanahangaika na wanasesere. Picha ya filamu inaweza kunakiliwa bila mwisho, na nakala mpya ikawa safi kuliko ya zamani. The Dark Crystal imekwisha kutolewa kwa DVD, kwa Blu-ray, na kwa nakala ya ubora wa juu zaidi iliyoandaliwa kutoka filamu asilia. Lakini kile kilichosimama mbele ya kamera kilikuwa kimoja, na kinaoza. Kwa kazi ya kawaida ya sinema hasara hiyo ni ndogo, maana mwigizaji anaacha sura yake kwenye picha na inatosha. Kwa filamu ya vikaragosi, kitu kilichosimama mbele ya kamera ndicho kazi ya sanaa, na picha ni taarifa yake. Ndiyo maana familia ya Henson ilipotoa mamia ya vikaragosi na vifaa kwa Center for Puppetry Arts mjini Atlanta, kituo ambacho Henson mwenyewe alisaidia kukata utepe wake mwaka 1978, na ilipotoa vingine kwa Museum of the Moving Image mjini New York, ilikuwa inafanya kazi ya kuhifadhi maandiko ya asili. Jumba jipya la Atlanta lilifunguliwa mwaka 2015, maonyesho ya kudumu ya New York mwaka 2017. Watu husafiri kutoka mbali kusimama mbele ya Skeksis mmoja ndani ya kioo. Wanachokiona pale, uzi, rangi iliyopakwa juu ya rangi, kidole kilichounganishwa kwa waya, hakuna skrini itakayowaonyesha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulipita juu juu. Wapo wanaosema kwamba mapenzi ya vitu ni jina zuri la biashara: kampuni hutoa sanamu mpya, toleo jipya la kitabu, kikombe, fulana, na mpenzi hununua utoto wake kwa awamu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya vinavyouzwa leo kwa jina la The Dark Crystal ni vya kiwandani, na sina haja ya kuvitetea vyote. Hata hivyo hoja hiyo inashindwa inapotazama walichokifanya wapenzi na vitu hivyo. Mfano wa kwanza ni lugha ya Skeksis. Vipande vya toleo lile la majaribio vilijitokeza kwenye DVD, na toleo zima likabaki katika nakala hafifu ya video. Shabiki mmoja akaichukua nakala hiyo na kuijenga upya filamu jinsi ilivyokuwa kabla ya Washington, akiunganisha picha safi ya toleo rasmi na sauti za zamani pale zilipopatikana. Hiyo ni kazi ya mhakiki wa maandiko, inayofanywa kwa subira ileile. Mfano wa pili ni wa mwaka 2013, kampuni ya Henson na mchapishaji Penguin walipotangaza shindano la kumtafuta mwandishi wa riwaya mpya kuhusu Gelfling. Aliyeshinda ni J. M. Lee, ambaye kitabu chake cha kwanza katika mfululizo huo, Shadows of the Dark Crystal, kilitoka mwaka 2016. Majina ya koo saba za Gelfling yakapata historia, na historia hiyo ikaingia moja kwa moja katika kazi iliyofuata ya televisheni.

Kazi hiyo, The Dark Crystal: Age of Resistance, ilitolewa na Netflix tarehe 30 Agosti 2019, sehemu 10 zilizoongozwa na Louis Leterrier, nayo ndiyo jibu langu kwa pingamizi la mwisho: kwamba vikaragosi ni mbinu ya zamani iliyoshikiliwa kwa huruma tu, na kwamba kompyuta ingefanya yote kwa urahisi. Swali hilo liliulizwa kwa dhati na watengenezaji wenyewe. Filamu ya kumbukumbu kuhusu utengenezaji wa mfululizo inaonyesha jaribio lililowaweka pamoja Gelfling wa kompyuta na Skeksis wa kikaragosi. Matokeo yaliwatosha kuamua: vikaragosi, pande zote. Kompyuta ilitumika kufuta wachezeshaji, kupanua mandhari na kusaidia hapa na pale. Gelfling wa 2019, wenye nyuso zinazosogea vizuri kuliko za 1982, wanaweza kumliza mtazamaji, kwa hiyo kasoro kubwa ya filamu ya kwanza ilirekebishwa ndani ya ufundi uleule ulioizaa. Na msimamizi wa ubunifu wa viumbe hao alikuwa Toby Froud, mtoto wa Brian na Wendy, yuleyule aliyekuwa mtoto mchanga aliyeibwa katika Labyrinth.

Mfululizo ulipata tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha watoto mwezi Septemba 2020, na mwezi huohuo Netflix ikathibitisha kwamba hautaendelea. Ulikatika ukiwa umewaacha Gelfling mwanzoni mwa vita ambavyo kila anayeijua filamu ya 1982 anajua walivishindwa. Wapenzi walikusanya saini, na hazikubadilisha uamuzi. Hali hii hata hivyo si ngeni kwao. Filamu ya kuendeleza kisa, The Power of the Dark Crystal, ilitangazwa mara kadhaa katika miaka ya 2000 ikiwa na waongozaji tofauti, isipigwe picha hata siku moja. Mwaka 2017 ilianza kutoka kama kitabu cha katuni, na waliosubiri kwa zaidi ya miaka kumi wakaisoma badala ya kuitazama. Baada ya mfululizo kutolewa kikatoka kitabu kikubwa cha michoro na picha za karakana yake, na mwaka 2023 Wayne McGregor akaupeleka ulimwengu wa Froud kwenye jukwaa la dansi katika ukumbi wa Royal Opera House, London. Mfululizo ulipokatika, kampuni ya Henson ilisema itatafuta njia ya kukamilisha simulizi ya Gelfling. Kwa kufuata mwenendo wa historia yenyewe, natarajia ukamilisho huo uje kwanza kama kitabu cha kushikwa mkononi, chenye alama za Froud pembezoni mwa kurasa, na wale waliokwisha kujifunza kuzisoma alama hizo kwenye kuta za chumba cha Aughra watajua mengi kabla hawajafika kwenye sentensi ya kwanza.